Wartburg, ngome ya Luther: ni ya zama za kati kweli, au ni kazi ya Wajerumani wa juzi?

#1 Kijana_wa_Machame
Wakuu, habari za jioni. Tulijadili hili bila mihemko.

Sisi Walutheri wa Kilimanjaro tumelelewa na simulizi la Wartburg, ile ngome iliyo juu ya mlima pale Eisenach, Ujerumani, alikofichwa Martin Luther kuanzia Mei 1521 hadi Machi 1522. Sasa nimekuwa nikisoma habari za majengo yake. Ule mnara mkubwa wenye msalaba kileleni, unaoonekana kwenye kila picha, ulijengwa kati ya 1853 na 1859. Michoro ya ukutani ni ya 1854 na 1855, kazi ya Moritz von Schwind. Ukumbi mkubwa wa ghorofa ya juu nao ulipambwa upya karne hiyohiyo ya 19.

Dai langu: tunachokiona leo ni ndoto ya Wajerumani wa karne ya 19 kuhusu mababu zao. Zama za kati zenyewe zimebaki kidogo sana. Anayepinga alete hoja.

#2 Mpenda_Vita
Hoja gani tena mkuu? Ngome ipo tangu 1067, hati zipo, ilijengwa na Ludwig yule aliyeruka kutoka gerezani akaangukia mtoni. Luther katafsiri Biblia nzima mle ndani. Uzi ufungwe.

#3 Bwana_Mkutubi
Mpenda_Vita, polepole ndugu yangu, umebeba mambo matatu na yote yanavuja.

Kwanza, 1067 ni mwaka wa mapokeo. Hati ya kwanza kuitaja ngome hiyo inahusu mwaka 1080. Pili, kuruka kwa Ludwig kutoka ngome ya Giebichenstein hadi mto Saale ni hadithi iliyotungwa kufafanua jina lake la utani, Mrukaji. Tatu, Luther akiwa Wartburg alitafsiri Agano Jipya tu, kwa muda wa wiki kumi au kumi na moja hivi, akitumia maandishi ya Kigiriki yaliyohaririwa na msomi Erasmus. Likachapwa Wittenberg Septemba 1522. Biblia nzima ilitoka 1534, na hiyo alisaidiwa na wenzake, Melanchthon akiwemo.

Ila hadithi tamu kuliko zote umeiacha. Inasemekana Ludwig aliutamani mlima ule lakini ardhi haikuwa yake. Akaagiza udongo ubebwe kutoka kwenye eneo lake mwenyewe, ukamwagwa kileleni, kisha mashujaa 12 wakachomeka panga zao ndani ya udongo huo na kuapa kwamba wamesimama juu ya ardhi ya bwana wao. Shauri likaisha.

#4 Mpenda_Vita
Hao mashujaa 12 wangefaa sana kwenye mabaraza yetu ya ardhi. Viwanja vingi vimepatikana hivyohivyo, ila bila panga.

#5 Thuringia_Mbongo
Naishi Erfurt, si mbali na Eisenach, na kila mgeni akija kutoka nyumbani nampeleka Wartburg. Kijana_wa_Machame, dai lako lina kweli ndani yake lakini umelivuta mno.

Lipo jumba kuu, wenyeji wanaliita Palas. Kuta zake za mawe ni za karne ya 12. Wataalamu walipima pete za miti iliyotumika kwenye mihimili, na umri wake ukaangukia katikati ya karne hiyo. Ukiingia vyumba vya chini utakuta nguzo zenye vichwa vilivyochongwa majani, ndege na wanyama. Vingi vimebadilishwa wakati wa ukarabati, lakini vingine ni vya mwanzo kabisa. Majumba ya watawala ya wakati ule yaliyobaki yamesimama hivyo, kaskazini ya milima ya Alpi, ni machache mno.

Mnara wa kusini nao ni wa zama za kati. Na ile nyumba ya mbao na udongo alimokaa Luther ni ya karne ya 15, kwa hiyo yeye mwenyewe aliikuta.

Kwa hiyo mnara mkuu ni mpya, sawa. Moyo wa ngome ni wa kale.

#6 Kijana_wa_Machame
@Thuringia_Mbongo asante. Lakini je, ngome iliharibika kiasi gani mpaka ikabidi ijengwe upya? Hakuna anayejenga mnara mpya pasipo sababu.

#7 Bwana_Mkutubi
Ilichakaa yenyewe, haikuvunjwa na adui. Watawala walihamia majumba ya mijini yenye starehe, ngome ikabaki na walinzi, ghala na jela. Mshairi Goethe alifika 1777 akachora picha zake, na ukizitazama unaona mahali palipochoka.

Kisha likaja tukio la 18 Oktoba 1817. Wanafunzi wapatao 500 wa vyuo vikuu vya Ujerumani walipanda mlimani kuadhimisha miaka 300 ya Matengenezo ya Kanisa na miaka minne ya vita vya Leipzig vilivyomshinda Napoleon. Ujerumani wakati huo haikuwa nchi moja. Vilikuwa vijidola vingi, kila kimoja na mtawala wake, na vijana wale walidai taifa moja lenye katiba. Usiku wakachoma moto makaratasi yaliyoandikwa majina ya vitabu walivyovichukia. Watawala waliingiwa na hofu, na mwaka 1819 wakatoa amri kali za kudhibiti vyuo na magazeti.

Kuanzia hapo Wartburg ikawa mali ya taifa ambalo lilikuwa bado halijazaliwa. Ukarabati ulianza 1838 chini ya Carl Alexander, aliyekuwa mrithi wa utawala wa Weimar, akaja kumwajiri msanifu Hugo von Ritgen, na kazi ikaendelea mpaka karibu 1890. Walijenga ngome ambayo taifa hilo lilistahili kuwa nayo, kwa maoni yao.

#8 Kijana_wa_Machame
Maneno hayo ya mwisho ndiyo dai langu la #1. Tumekubaliana.

#9 Bwana_Mkutubi
Hatujakubaliana. Wewe unasema ni ndoto, mimi nasema nao wana historia yao. Jengo la 1859 lina zaidi ya miaka 160, na mambo ya 1817 ni historia kama ya 1521 ilivyo. UNESCO walipoiingiza kwenye Urithi wa Dunia mwaka 1999 hawakuficha chochote: walisema wazi kwamba sehemu za asili zimebaki chache, na kwamba umbo la karne ya 19 linatupa picha nzuri ya jinsi ngome ile ingeweza kuwa enzi za nguvu zake. Waliiorodhesha pamoja na hayo.

#10 Dada_wa_Arusha
Naomba kuuliza wajuzi: ile ngome nyeupe ya Ujerumani yenye minara mirefu, inayowekwa kwenye kalenda, ndiyo hii? Maana hiyo nayo nilidhani ni ya kale.

#11 Thuringia_Mbongo
Hapana dada, hiyo ni Neuschwanstein, iko Bavaria. Ilianza kujengwa 1869, hivyo ni changa kuliko hata mnara mpya wa Wartburg. Lakini zinahusiana. Mfalme Ludwig II alitembelea Wartburg mwaka 1867, akaupenda ule ukumbi wa juu na chumba cha waimbaji, akaenda kujijengea ukumbi wake kwa mfano huo.

#12 Malenga_wa_Kibokoni
Salaam kutoka Mombasa. Mmetaja chumba cha waimbaji mkapita. Hapo ndipo pangu.

Yasimuliwa kuwa mwaka 1206 au 1207, katika baraza la Hermann wa Kwanza, mtawala wa Thuringia, washairi walishindana kumsifu mtawala aliye bora, na atakayeshindwa alikuwa auawe. Aliyeshindwa, Heinrich von Ofterdingen, akakimbilia nguo za mke wa mtawala akaomba amani, kisha akaitwa mchawi Klingsor kutoka Hungaria aje kuamua. Klingsor akatazama nyota, akasema: usiku huu amezaliwa binti wa mfalme wa Hungaria atakayeolewa hapa.

Mashindano yenyewe yumkini hayakuwa. Huyo Ofterdingen hakuna ushairi wake hata beti moja uliothibitishwa. Lakini Hermann aliwafadhili washairi kwelikweli. Walther von der Vogelweide alikaa kwake, na Wolfram von Eschenbach aliandika kwa agizo lake. Mtunzi wa muziki Wagner akaja kuifanya hadithi hiyo opera, Tannhäuser, ya 1845, na mpaka leo huimbwa mle mle ukumbini Wartburg.

Sisi tuliokulia kwenye tungo za Muyaka bin Haji tunaelewa vizuri: mtawala asiye na malenga wake ataimbwa na wa jirani. Kujibizana kwa beti ni siasa.

#13 Mpenda_Vita
@Malenga_wa_Kibokoni kwa hiyo ukishindwa humu jukwaani tukukate kichwa?

#14 Malenga_wa_Kibokoni
Nitakimbilia nguo za Dada_wa_Arusha.

#15 Mama_Utawa
Tumsifu Yesu Kristo. Nashangaa uzi umefika hapa na Mtakatifu Elisabeti ametajwa kwa mafumbo tu. Binti yule wa Hungaria ndiye yeye! Walutheri wametwaa ngome yote, wakati mwanamke huyu aliishi pale miaka 300 kabla ya Luther.

Alizaliwa 1207, akaletwa akiwa na miaka minne, akaolewa na Ludwig IV mwaka 1221. Wakati wa njaa ya 1226, mumewe akiwa safarini, alifungua maghala ya nafaka, akaanzisha hospitali chini ya ngome na kuwahudumia wagonjwa kwa mikono yake. Sisi wa Utawa wa Tatu wa Mtakatifu Fransisko tunaye kama msimamizi wetu, na Novemba 17 ni siku yake. Kikundi chetu huchangia chakula cha wodi ya wazazi siku hiyo, na wapo akina mama waliowaita mabinti wao Elisabeti kwa sababu hiyo.

Mume akafa mwaka 1227 huko Otranto njiani kwenda Vita vya Msalaba. Shemeji yake, Heinrich Raspe, akamfukuza ngomeni na watoto, kwenye baridi. Wajane wa kwetu wanaijua hadithi hiyo, hawahitaji kusimuliwa.

#16 Bwana_Mkutubi
Mama, heshima yako. Ila hilo la kufukuzwa wanahistoria wanabishana mpaka leo.

Wapo wanaosema alifukuzwa waziwazi. Wapo wanaosema alinyimwa mali ya ujane, akawa hana pa kutegemea, hivyo ilikuwa kufukuzwa kwa mlango wa nyuma. Na wapo wanaosema aliondoka mwenyewe: padri wake muungamishi, Konrad wa Marburg, alimkataza kula chochote kilichopatikana kwa dhuluma, na kwenye meza ya mtawala chakula kingi kilitokana na kodi za kunyonya wakulima. Kukaa mle ilikuwa ama kufa njaa ama kuvunja kiapo.

#17 Mama_Utawa
Hayo matatu hayapingani, mwanangu. Mwanamke anaweza kunyimwa mali, akasimangwa kwa sababu ya dini yake, akaambiwa mlango uko wazi, kisha kesho waseme aliondoka mwenyewe. Nimeketi na wajane wengi, na kila familia husema hivyohivyo: aliondoka mwenyewe.

#18 Dada_wa_Arusha
Mama, hili ni bandiko bora la uzi. Na muujiza wa waridi je? Ule wa mkate uliogeuka maua alipokaguliwa njiani?

#19 Thuringia_Mbongo
Huo umechorwa na Schwind ukutani, kwenye ushoroba wa jumba kuu, na wageni wengi husimama hapo. Ila simulizi hilo husimuliwa pia juu ya Elisabeti wa Ureno. Halafu kuna chumba chake kilichofunikwa vigae vidogo vya rangi na dhahabu, kuta na dari, kinang'aa ajabu. Hicho kilitengenezwa kati ya 1902 na 1906 kwa hisani ya Kaizari Wilhelm II. Yeye Elisabeti asingekitambua hata kidogo.

#20 Kijana_wa_Machame
Mnaona? Mtakatifu aliyekimbia anasa amepambiwa chumba cha dhahabu na Kaizari. Narudi kwenye dai langu.

#21 Musoma_Kwetu
Nimesoma tangu mwanzo kimya kimya. Mmemtaja Luther, mmemtaja Elisabeti. Naomba nimtaje mtu wa tatu, kwa kuwa ninyi hamtamtaja.

Jina lake Fritz Erbe, mkulima wa kijiji cha Herda. Alikuwa Mwanabaptisti, wale waliokataa kubatiza watoto wachanga. Mwaka 1533 alikamatwa kwa mara ya pili, safari hii kwa kukataa mtoto wake abatizwe. Eneo lile lilitawaliwa kwa ubia: upande wa Saksonia ulitaka auawe, Philipp wa Hesse akakataa kuua mtu kwa ajili ya imani. Wakaafikiana kumfunga maisha. Akawekwa Eisenach, na watu wakawa wanakuja usiku kuzungumza naye chini ya mnara. Ndipo mwaka 1540 wakampandisha Wartburg, kwenye ule mnara wa kusini ambao Thuringia_Mbongo amesema ni wa kale kweli. Shimo lake unateremshwa kwa kamba kupitia tundu la sakafuni. Alikufa mle 1548.

Hao waliomfunga walikuwa watawala waliofuata Matengenezo. Ngome ni ileile. Kati ya Luther kuondoka na Erbe kuingia, haikupita miaka 20.

Mimi ni Mmennonite. Kanisa letu Tanzania lilianza Shirati mwaka 1934, na mizizi yetu iko kwa Wanabaptisti. Babu alitusomea habari za mashahidi hao jioni kama wengine wanavyosoma Mwanzo na Kutoka.

#22 Kijana_wa_Machame
@Musoma_Kwetu hili hatukufundishwa Kipaimara. Pole, na asante kwa kulileta. Tunalitazamaje sisi?

#23 Bwana_Mkutubi
Kuna jambo la kuongeza hapa. Julai 2010 huko Stuttgart, mkutano mkuu wa Fungamano la Kilutheri la Dunia uliomba rasmi msamaha kwa Mungu na kwa Wamennonite kwa mateso ya Wanabaptisti. Wajumbe walipiga magoti au kusimama kimya.

#24 Musoma_Kwetu
Najua, na tuliupokea. Ninachotaka ni mgeni anayepanda kuona chumba cha Luther ateremke pia kwenye mnara wa kusini. Mnapeleka wageni huko, @Thuringia_Mbongo?

#25 Thuringia_Mbongo
Mnara hupandwa kwa ajili ya mandhari, na kuna maelezo kumhusu Erbe. Ila kusema kweli watu wengi wanapiga picha msitu na kushuka. Nikija na wageni tena tutasimama pale, nitawasomea bandiko lako.

#26 Jua_Kali_Moshi
Nani anajua habari za doa la wino? Tuliambiwa Luther alimrushia Shetani kichupa cha wino kikapasukia ukutani.

#27 Mpenda_Vita
Lipo, shemeji yangu kaliona.

#28 Thuringia_Mbongo
Shemeji yako kaona plasta iliyobanduliwa. Doa lenyewe halipo. Kwa vizazi vingi wageni walikwangua ukuta waondoke na kipande, na walinzi wakawa wanalipaka upya, mpaka zoezi lenyewe likaachwa. Hata meza ya mwanzo iliisha hivyohivyo, mahujaji waliichonga vibanzi wakaimaliza, na iliyopo sasa ililetwa kutoka kwa ukoo wa Luther.

Chumba ni kidogo na hakina mapambo: meza, kiti, jiko la vigae, na mfupa wa uti wa mgongo wa nyangumi wa kuwekea miguu. Watu hunyamaza wakiingia.

#29 Bwana_Mkutubi
Kuhusu asili ya hadithi: wengine wanasema ilizuka baadaye kutokana na usemi kwamba alipigana na Shetani kwa wino, yaani kwa kuandika. Wengine wanasema Luther mwenyewe alisimulia kusikia vishindo usiku mle ndani, na watu wakaongezea chumvi. Hata Wittenberg walikuwa na doa lao la kuwaonyesha wageni.

#30 Jua_Kali_Moshi
Mimi bado naamini alirusha. Mtu amefungiwa peke yake miezi kumi, amefuga ndevu, anaitwa Junker Jörg ili asijulikane, Kaizari Karl V amemharamisha kwa amri ya Worms. Ningerusha na meza.

#31 Mzee_wa_Leipzig
Vijana, nilisoma Leipzig miaka ya 80, wakati wa Ujerumani Mashariki. Shule ilitupeleka Wartburg mwaka 1983, miaka 500 tangu kuzaliwa Luther. Serikali ya kikomunisti iliikarabati ngome kwa fedha nyingi, na mkuu wa nchi, Erich Honecker mwenyewe, akawa mwenyekiti wa kamati ya sherehe za mtu wa kanisa! Kabla ya hapo vitabu vyao vilimsifu Thomas Müntzer, kiongozi wa wakulima, na Luther akaitwa kibaraka wa watawala.

Sasa ongezeni hilo kwenye hesabu yenu. Mwaka 1938 Wanazi waliushusha msalaba wa mnarani wakaweka alama yao, baadaye msalaba ukarudishwa. Mwaka 1946 Jeshi la Kisovieti likabeba mkusanyo wa silaha na deraya, vitu kama mia nane, ambavyo karibu vyote havijarudi. Kila utawala ulipanda mlima ule na kuchagua sehemu inayoufaa.

Na mlezi wetu wa bweni alikuwa na gari la Wartburg. Moshi wake tuliutambua kutoka kona ya barabara.

#32 Fundi_wa_Gereji
Hatimaye mada yangu! Wartburg 353, ilianza 1966, mitungi mitatu, injini ya mipigo miwili, unachanganya oili na petroli kama pikipiki za zamani. Mwaka 1988 wakaweka injini ya Volkswagen, na Aprili 1991 kiwanda cha Eisenach kikaacha kuyatengeneza. Jina lenyewe walilitumia kwenye magari tangu 1898. Injini ile ina vitu vichache sana vya kuharibika. Naiheshimu.

#33 Mkunazini
Nipo Unguja, nimewasoma. Nataka kurudisha kwenye #1 maana kwetu si swali la vitabuni.

Beit el-Ajaib ilianguka sehemu yake 25 Desemba 2020, ikiwa katika matengenezo, na watu wawili wakapoteza maisha. Jengo la Sultani Barghash la 1883. Ikijengwa tena upande ulioanguka, mjukuu wangu ataambiwa anaona nini? Nikimsikiliza Kijana_wa_Machame, ataambiwa anaona kazi ya karne ya 21. Nikimsikiliza Mkutubi, ataambiwa nayo ni historia. Mimi nataka isimame, na nataka iandikwe ukutani wapi pa zamani na wapi papya.

#34 Kijana_wa_Machame
Tofauti ni kwamba sisi tuna picha na vipimo vya Beit el-Ajaib. Ritgen hakuwa na picha ya mnara wa karne ya 12. Alikisia.

#35 Bwana_Mkutubi
Alikisia baada ya kuchunguza misingi na kulinganisha na ngome nyingine za wakati huo. Kukisia kwa msomi kuna uzito wake.

#36 Mkunazini
Kuwe na uzito, lakini mgeni aambiwe.

#37 Dada_wa_Arusha
Na siku hizi kunafanyika nini pale, mbali na utalii? Natarajia kuwa Frankfurt mwakani.

#38 Thuringia_Mbongo
Mengi. Inamilikiwa na taasisi yake iliyoundwa 1922. Ni makumbusho, michoro ya Cranach, mchoraji wa enzi za Luther, imo. Kanisa dogo la ndani bado lina ibada, na watu hufunga ndoa mle. Ukumbi wa juu una matamasha mwaka mzima. Kuna hoteli iliyobanana na ngome, ya 1914. Wikiendi za Majilio kunakuwa na soko la Krismasi uani, shona mifuko.

Kutoka Frankfurt treni ya mwendo kasi inasimama Eisenach, halafu basi au miguu. Mlima si mchezo, ngome iko mita zipatazo 410 juu ya usawa wa bahari na kama mita 200 juu ya mji. Ukiwa na watoto, msimu wa joto kuna punda wa kuwapandisha. Zamani punda walibeba maji kwa sababu ngome haikuwa na kisima, ilitegemea tangi la maji ya mvua. Ukishuka pita kwa Bach, yule mtunzi wa muziki, alizaliwa mji huohuo 1685.

#39 Mama_Utawa
Na mahali pa ile hospitali ya Elisabeti, chini ya ngome, panaonyeshwa?

#40 Thuringia_Mbongo
Panaonyeshwa mama, kwenye mteremko, karibu na hao punda. Wafransisko walikuja kuwa na nyumba yao hapo baada yake. Wengi wanapita bila kugeuza shingo.

#41 Mama_Utawa
Basi Dada_wa_Arusha ageuze shingo kwa niaba yetu. Na wewe Mkutubi, lile la kuondoka mwenyewe bado hujanijibu.

#42 Bwana_Mkutubi
Nakujibu mama. Mashahidi walioulizwa baada ya kifo chake, wale wanawake waliomtumikia, walisema walitolewa. Upande wa pili unauliza kwa nini basi Heinrich Raspe baadaye alimpa fedha na makazi Marburg. Mimi naegemea kwa wanawake wale, lakini wapo wenzangu wataleta hoja nyingine, nawasubiri.